Mnara Mmoja, Simu Elfu: Antena Nyingi Zinaweza Kufika Wapi Bukoba na Muleba?

Ukitoka Bukoba kwa barabara ya Kemondo kuelekea Muleba, huendi mbali kabla hujaona mnara mwingine wa simu umesimama juu ya kilima. Kila mnara umebebeshwa kazi ngumu. Kwa dakika ileile, na kwa masafa yaleyale, unatakiwa kupeleka sauti kwa mwalimu aliye Kamachumu, video kwa kijana wa Muleba mjini, ujumbe wa malipo kwa mchuuzi wa dagaa mwaloni na picha za mgonjwa kwa daktari wa Rubya. Wote wanne wanalipia bando, na wote wanne hulalamika jioni kwamba mtandao unasuasua. Je, mnara mmoja unaweza kuwahudumia watu wangapi kwa pamoja, na kwa kasi gani? Swali hilo lina sayansi yake, nadharia ya habari, na ndani ya sayansi hiyo tatizo la mtumaji mmoja mwenye wapokeaji wengi huitwa mkondo wa utangazaji.

Nchini kwetu mazungumzo kuhusu mawasiliano yamekuwa ya kuhesabu. Septemba 2022 Vodacom ilizindua 5G. Oktoba mwaka huohuo mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikauza masafa kwa mnada. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ukasaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Tumehesabu minara, na sasa tunahesabu antena: mbili, nne, nane, na katika mitambo mikubwa ya 5G hata 64. Hesabu hizo zina maana yake, lakini nashikilia kwamba haziugusi moyo wa jambo. Kikomo cha antena nyingi kinawekwa na ujuzi, yaani ni kwa usahihi gani, na kwa wepesi gani, mnara unaifahamu njia ya mawimbi kati yake na kila simu. Katika Kagera, anayeamua kama ujuzi huo utapatikana, na kama ukipatikana utafaa kitu, ni milima, migomba na ziwa.

Tuanze na msingi. Mwaka 1948 Claude Shannon, wa maabara za Bell nchini Marekani, alithibitisha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo chake cha biti kwa sekunde. Chini ya kikomo hicho, makosa yanaweza kupunguzwa hadi yakaribie sifuri kwa usimbaji mzuri. Juu yake, hakuna ustadi unaosaidia. Kikomo kinategemea upana wa masafa na uwiano wa nguvu ya ishara kwa kelele. Chukua upana wa megahezi 20, uliozoeleka katika 4G. Ishara ikiwa na nguvu mara 100 ya kelele, kikomo ni kama megabiti 133 kwa sekunde. Ongeza nguvu ya mtambo mara 100 nyingine, na kikomo kinapanda hadi megabiti 266 tu. Umeme mara 100, kasi mara mbili. Kwa mtu aliye karibu na mnara, basi, kuongeza nguvu ni biashara mbaya. Kwa aliye mbali, ambaye ishara yake inalingana na kelele na kikomo chake ni megabiti 20, kila wati inayoongezwa ina faida kubwa zaidi.

Shannon wa 1948 alikuwa na mtumaji mmoja na mpokeaji mmoja. Thomas Cover wa Chuo Kikuu cha Stanford ndiye aliyeuliza, mwaka 1972, inakuwaje wapokeaji wakiwa wawili wenye mahitaji tofauti. Jibu lake linastahili kusomwa taratibu na yeyote anayejali watu wa pembezoni.

Tuseme mnara ulio Muleba una wateja wawili: mmoja yuko mjini, ishara yake mara 100 ya kelele; mwingine yuko kwenye mtumbwi, ishara yake sawa na kelele. Njia ya kawaida ni kuwahudumia kwa zamu, nusu ya muda kila mmoja. Wa mjini anapata megabiti 67 hivi, wa ziwani 10. Cover alionyesha njia nyingine. Mnara utume jumbe zote mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, kwa muda wote. Simu ya mtumbwini inasoma ujumbe wake na kuuchukulia ule wa mwenzake kama kelele. Simu ya mjini, kwa kuwa inasikia vizuri zaidi, inausoma kwanza ujumbe wa mtumbwini, inautoa katika ishara, kisha inausoma wake ukiwa safi. Ukipiga hesabu, wa ziwani akibaki na megabiti zake 10, wa mjini anapanda kutoka 67 hadi 108. Au ukiamua kinyume, wa mjini abaki na 67 zake, wa ziwani anapanda kutoka 10 hadi 17 na nusu. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Miaka miwili baadaye Patrick Bergmans na Robert Gallager walithibitisha kwamba kwa mkondo wa aina hii hakuna njia inayoizidi hiyo.

Zingatia faida hiyo inatoka wapi. Inatoka katika tofauti ya hao wawili. Wangekuwa na ishara sawa, kutuma kwa pamoja kusingeongeza chochote juu ya zamu. Wilaya yenye eneo ambalo zaidi ya nusu yake ni maji, yenye mji mdogo na mialo mingi, ina tofauti hizo kwa wingi. Mara nyingi husemwa kwamba kumfikia mvuvi ni hasara ambayo mteja wa mjini lazima ailipie kwa kasi yake. Kwa kiasi ambacho watu wengi hawakijui, hisabati ya 1972 inakataa.

Antena zilipoongezeka mnarani, mpangilio huo mzuri ulivunjika. Katikati ya miaka ya 1990, Emre Telatar na Gerard Foschini, kila mmoja kwa njia yake lakini wote katika maabara za Bell, walionyesha kwamba mtumaji mwenye antena nyingi na mpokeaji mwenye antena nyingi wanaweza kuzidisha kasi bila kuongeza masafa wala nguvu, mradi mawimbi yanagonga vitu vingi njiani na kufika kwa mapito mbalimbali. Uzidishaji huo unafungwa na upande wenye antena chache. Simu ya mkononi ina moja, mbili, kwa nadra nne. Basi mnara wenye antena nyingi hauwezi kuzitumia zote kwa simu moja, na njia iliyobaki ni kuzigawa kwa simu nyingi kwa wakati mmoja. Tatizo ni kwamba simu hizo hazishauriani. Iliyo Nshamba haijui iliyo Kamachumu imepokea nini. Wala hakuna tena simu inayoweza kuitwa yenye nguvu na nyingine dhaifu moja kwa moja, kwa sababu mnara unaweza kuelekeza mwale wake huku au kule na kumfanya yeyote awe mwenye nguvu kwa kitambo. Mpangilio wa Cover, wa mwenye kusikia vizuri kusoma kwanza cha mwenzake, ulikosa pa kushika.

Ufunguo ulikuwa umelala kwenye makala fupi ya 1983 ya Max Costa. Yeye alimfikiria mtu anayeandika kwenye karatasi yenye madoa. Mwandishi anayaona madoa, msomaji hawezi kutofautisha doa na wino. Mtu angedhani sehemu ya karatasi imepotea, au kwamba mwandishi lazima apoteze wino mwingi kuyafunika. Costa alithibitisha kwamba hapotezi kitu: akiyajua madoa mapema, anaweza kuchagua maandishi yanayoshirikiana na madoa hayo, na msomaji akasoma sawasawa na aliyepewa karatasi safi. Ihamishie hoja hiyo kwenye mnara. Madoa yanayomsumbua mteja wa pili ni ujumbe wa mteja wa kwanza, na ujumbe huo umetungwa na mnara wenyewe. Mnara unaujua kabla ya kuutuma. Kwa hiyo unatunga wa kwanza, kisha wa pili kwa kuuzingatia wa kwanza, kisha wa tatu kwa kuzingatia hiyo miwili, hadi mwisho.

Mwaka 2003 Giuseppe Caire na Shlomo Shamai walionyesha kwamba kwa wapokeaji wawili njia hii inafikia jumla ya juu kabisa ya kasi. Mwaka huohuo na uliofuata, makundi matatu yalilifikisha jibu hilo kwa idadi yoyote ya wapokeaji: Sriram Vishwanath, Nihar Jindal na Andrea Goldsmith, Pramod Viswanath na David Tse, na Wei Yu na John Cioffi. Njiani waligundua jambo zuri mno. Yale ambayo mnara unaweza kuziambia simu ni sawasawa na yale ambayo simu zingeweza kuuambia mnara, kama zingegawana nguvu ileile kwa jumla. Tatizo gumu la kushuka likageuka kuwa tatizo jepesi la kupanda, ambalo wahandisi walikuwa wanalijua tayari. Ikabaki kuthibitisha kwamba si jumla tu, bali kila mgawanyo wa kasi kati ya wateja unafikiwa kwa njia hii na hakuna unaopita hapo. Hanan Weingarten, Yossef Steinberg na Shamai walilimaliza mwaka 2006. Mkondo wa utangazaji kwa ujumla wake, usio na sharti la kelele ya kawaida ya redioni, haujatatuliwa tangu Cover aulize. Eneo bora la kasi linalojulikana kufikika bado ni lile la Katalin Marton la 1979. Kwa mnara wa simu wenye antena nyingi, hata hivyo, jibu lipo.

Jibu hilo linaahidi nini? Antena nne, simu nne, megahezi zilezile 20, na kila simu kusikia antena moja kwa ishara mara 100 ya kelele. Nguvu ya mtambo inagawanywa kwa nne. Antena nne zikisukuma kwa mpigo mmoja kuelekea simu moja, zinairudishia mara nne. Njia za simu hizo nne zikiwa hazifanani hata kidogo, kila moja inapata megabiti 133 zake kana kwamba iko peke yake duniani, na mnara unatoa karibu 533 kwa jumla. Kwa nguvu peke yake, bila antena za ziada, kasi hiyo ingehitaji umeme wa zaidi ya mara milioni moja.

Hesabu hiyo ina sharti katika mstari wake wa kwanza: mnara unajua njia ya kila simu kwa ukamilifu. Liondoe kabisa, simu zote ziwe za antena moja na za hali inayofanana, na antena nne hazizidishi kitu. Unarudi kuwahudumia watu kwa zamu. Kati ya kujua kila kitu na kutojua chochote ndipo tunapoishi, na ndipo utafiti wa miaka ishirini iliyopita ulipoelekea.

Mnara unajuaje? Katika mitandao inayotenga masafa ya kupanda na ya kushuka, simu ndiyo hupima njia kisha hutoa taarifa. Taarifa hiyo ni ndogo sana. 4G ya awali, kwa mnara wa antena nne, iliipa simu orodha ya mielekeo 16 ichague mmoja, yaani biti 4. Jindal alipiga hesabu mwaka 2006 ya biti zinazohitajika ili mnara ukaribie ahadi yake kwa kila mteja kwa tofauti ya biti moja tu kwa kila hezi. Kwa antena nne na ishara mara 100 ya kelele, jibu ni biti 20 kwa kila simu, kila mara njia inapobadilika. Biti 4 ni kuchagua kati ya 16. Biti 20 ni kuchagua kati ya zaidi ya milioni moja. Na hitaji hilo hupanda kadiri ishara inavyokuwa nzuri, kwa sababu ishara ikiwa safi ndipo kosa dogo la mwelekeo linaponguruma kwenye simu ya jirani.

Kisha kuna umri wa taarifa. Wimbi la megahezi 1,800 lina urefu wa sentimita 17 hivi, na njia hubadilika sura simu inaposogea kama nusu ya hapo. Abiria kwenye basi la Muleba linalokwenda kilomita 60 kwa saa anasogea sentimita 8 kwa milisekunde 5. Taarifa yake ikifika mnarani na kufanyiwa kazi, yeye yuko kwenye njia nyingine. Mwaka 2012 Mohammad Ali Maddah-Ali na David Tse waliwashangaza wenzao kwa kuonyesha kwamba hata taarifa iliyozeeka kabisa ina thamani. Mnara ukijua baadaye kila simu ilidokoa nini kisichokuwa chake, unaweza kutuma mchanganyiko mmoja unaozifaa simu mbili kwa mpigo. Kwa antena mbili na simu mbili, wastani wa mikondo ya data inayokwenda kwa pamoja unakuwa 4/3 badala ya 1. Ni chini ya 2 za mnara unaojua yote, lakini si haba.

Matokeo ninayoyaona mazito kuliko yote kwa mtu anayenunua mitambo yalikuja kwa hatua mbili. Mwaka 2005 Amos Lapidoth, Shamai na Michèle Wigger walibashiri kwamba ujuzi wenye kosa la kudumu, hata liwe dogo namna gani, hatimaye hauna faida: ukiendelea kuongeza nguvu huku kosa likibaki palepale, uzidishaji wa antena unaporomoka hadi kuwa kama wa antena moja. Mwaka 2016 Arash Gholami Davoodi na Syed Jafar walithibitisha kwamba ndivyo. Maana yake kwa vitendo ni kwamba mtambo wenye antena nyingi unaotegemea taarifa hafifu hauokolewi kwa kuongezewa umeme.

Sasa tushuke ardhini. Nchi ya Wahaya imejengwa kwa migongo ya vilima inayokwenda sambamba na pwani ya ziwa, na mabonde kati yake. Nyumba zimo ndani ya vibanja, zimezungukwa na migomba na mibuni. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na jani bichi lililolowa hunyonya mawimbi. Fundi wa minara huyaona hayo yote kama adui, na kwa simu moja moja ana haki. Kwa antena nyingi, milima inatoa kitu cha thamani. Wimbi linalogonga mwamba, bati na ukingo wa bonde hufika kwa kila simu kwa mchanganyiko wake wa pekee, na upekee huo ndio unaouwezesha mnara kuzitenganisha simu mbili zilizo karibu. Ongeza kwamba saa mbili usiku, muda wa msongamano mkubwa, watu wa Kashai, Hamugembe na Rwamishenye wako majumbani, simu zimetulia mkononi au mezani, na taarifa ya njia haizeeki kwa kasi ya basi. Simu nyingi, pembe tofauti, mwendo mdogo: kwa hali hiyo antena nyingi zinalipa, na Bukoba mjini ndiko mahali pake.

Ziwani mambo ni kinyume. Antena iliyo mita 200 juu ya usawa wa maji inafikisha mawimbi karibu kilomita 58 kabla mviringo wa dunia haujayazuia, ndiyo maana mvuvi aliye mbali anaweza kukuta laini imeshika. Kusikika, hata hivyo, si kutenganishika. Juu ya maji hakuna vitu vya kugonga isipokuwa uso wa ziwa wenyewe, kwa hiyo simu hutofautishwa kwa pembe tu. Antena nne zilizopangwa kwa nafasi ya nusu wimbi hutenganisha pembe za nyuzi 29 hivi. Mtambo mkubwa wa 5G, ambao kwa kawaida una safu nane kwa upana, hufikia nyuzi 14. Kijiji cha wavuvi chenye upana wa kilomita 1, kikitazamwa kutoka ufuko ulio kilomita 20, kinachukua nyuzi 3. Kwa macho ya mnara wa bara, kijiji kizima ni nukta moja, na watu wake wote wana njia moja. Weka antena 64 ufukweni, ujuzi uwe kamili, na bado watagawana mkondo mmoja wa data.

Kwa sababu hiyo naona mjadala wa huduma kwa visiwa vya Goziba, Ikuza, Bumbire na Kerebe una jibu la wazi ambalo halitegemei maoni ya mtu. Huduma ya visiwa haiwezi kukuzwa kutoka bara. Mnara mdogo wa antena mbili kisiwani penyewe, unaokwenda kwa umeme wa jua, unawaona wakazi wametawanyika kuuzunguka kwa pembe pana na kwa ishara yenye nguvu. Unashinda mtambo wa bei mbaya uliopandishwa Kamachumu kuwaangazia kwa mbali. Mtambo wa ufukweni wenye nguvu una kazi yake, ambayo ni mitumbwi iliyo katikati ya maji, mmoja mmoja na kwa kasi ndogo.

Wateja wanapokuwa wengi kuliko antena, swali linageuka kuwa nani ahudumiwe sasa. Masoud Sharif na Babak Hassibi walionyesha mwaka 2005 kwamba wingi huo unaweza kuwa neema. Mnara urushe miale michache kwa kubahatisha, kila simu iseme tu ni mwale gani unaoipata vizuri na kwa nguvu gani, na kati ya watu wengi kila mwale utampata aliyekaa mahali pake. Taarifa ni kidogo, na uzidishaji karibu wote unapatikana. Ubaya wake uko kwenye neno la nani. Ukitafuta jumla kubwa tu, aliye chini ya mnara atachaguliwa usiku kucha, na nyumba iliyo nyuma ya mgongo wa kilima itasubiri. Kanuni inayotumika katika mitandao mingi humlinganisha kila mteja na wastani wake mwenyewe na kumhudumia anapokuwa katika hali yake nzuri. Ni kanuni ya haki, ila uzito wake huwekwa na kampuni, na mkataba wa kawaida wa huduma hausemi lolote juu yake. Mdhibiti wa masafa akitaka kumlinda mtu wa pembezoni, hapo ndipo pa kuweka mkono.

Upande mwingine wa swali ni ujumbe mmoja kwa wote. Dhoruba za usiku za Ziwa Victoria huua wavuvi, na mradi wa HIGHWAY ulioanza 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulizileta pamoja mamlaka za hali ya hewa za nchi za ziwa, TMA ya Tanzania ikiwemo, ili tahadhari ziwafikie mapema. Tahadhari ni ya wote, kwa hiyo kasi yake hufungwa na msikilizaji dhaifu kuliko wote. Jindal na Zhi-Quan Luo walichunguza jambo hili mwaka 2006. Wapokeaji wakiongezeka na antena zikabaki idadi ileile, kikomo hushuka kuelekea sifuri, lakini antena hupunguza sana mwendo wa kushuka. Kwa wapokeaji 10,000, antena moja hukishusha kwa kadiri ya mara 10,000. Antena nne kwa kadiri ya mara 10 tu. Faida hiyo kubwa haidai mnara ujue njia ya mtu yeyote. Tena ujumbe wa maandishi wa herufi 160 ni biti 1,120, kitu kidogo mno. Hata kikomo kilichoshuka kinautosha. Linalobaki ni kuhakikisha mtumbwi wa mwisho uko ndani ya mzunguko wa mawimbi, na kwa hilo redio za Bukoba kama Kasibante FM, zinazosikika bila vocha, ni sehemu ya mfumo uleule wa onyo.

Je, antena mamia hazitamaliza matatizo yote? Mwaka 2010 Thomas Marzetta alionyesha kwamba antena zikizidi sana wateja, kelele na bahati mbaya ya njia hujifuta zenyewe, na utungaji mgumu wa Costa hauhitajiki tena. Kuelekeza miale kwa njia nyepesi kunatosha. Katika mfumo huo kupanda na kushuka hutumia masafa yaleyale kwa zamu, hivyo mnara hujipimia njia kutokana na ishara ya simu yenyewe na biti za taarifa hazihitajiki. Marzetta aliona pia kikwazo: simu za minara jirani zinazotumia ishara ileile ya kupimia huchanganyika, na mnara ukadhani anayezungumza naye Muleba ndiye yule wa ng'ambo ya bonde. Mwaka 2018 Emil Björnson, Jakob Hoydis na Luca Sanguinetti walithibitisha kwamba hata kikwazo hicho hakiweki ukuta wa mwisho, mradi tabia za njia zinatofautiana na mnara uzitumie tofauti hizo. Tofauti tena: vilimani zipo, ziwani hazipo. Na yote haya yanamhusu mwenye simu inayoshiriki upimaji. Mwenye kitochi cha 2G hapati hata chembe ya uzidishaji huo, mnara uwe na antena 4 au 64.

Limebaki jambo ambalo nadharia huliacha nje ya ukurasa na mteja hulipata kila jioni. Biti hazizaliwi mnarani. Mkongo wa Taifa unapita Bukoba kwenda Mutukula, lakini mnara wa kilimani au kisiwani mara nyingi hulishwa kwa kiungo cha mikrowevu kutoka mnara mwingine. Kiungo cha upana wa megahezi 28 kwa usimbaji wa kawaida hubeba karibu megabiti 180 kwa sekunde, na kikitumia masafa ya juu ya gigahezi 10 hupungua pale mvua ya Bukoba inaponyesha kweli. Antena nne zilizoahidi megabiti 533 zikifungwa nyuma ya kiungo hicho, wateja watagawana 180 na kampuni itakuwa imelipia 353 zisizo na pa kutokea. Kwa hiyo mnara wa Muleba unaotaka kuongezewa antena uulizwe kwanza unalishwa na nini, kisha simu zake zinatoa taarifa ya biti ngapi na kila baada ya muda gani, kisha wateja wake wamekaa kwa pembe zipi. Majibu hayo matatu yanapatikana kwa kipimo cha wiki moja, kabla fundi hajapanda juu.